Simu ya Baada ya Nusu Saa

Jumatatu, 3 Machi

Bosi amegawa nyumba za wiki, zile zinazotaka kuthaminiwa kabla ya kuuzwa. Madalali wenzangu waligombania mpya zenye vigae. Mimi nikanyoosha mkono kuomba mbovu: yenye mbwa, iliyohamwa, na ile kongwe yenye mchwa darini. Futi akaniuliza kama nina homa.

Futi ni mwenzangu wa meza ya pili. Anapima kila kitu kwa futi kamba, hata kikombe cha chai cha mtu mwingine. Mwaka jana alianguka na ngazi mbovu kwenye nyumba tupu, akalala chini kwa muda wa saa nne na mguu umevunjika, hakuna aliyejua. Tangu hapo ofisi ina sheria. Ukienda kukagua nyumba unaandika daftarini uendako na saa ya kuingia. Baada ya nusu saa unapigiwa simu. Usiposhika mara tatu, mtu anatumwa akutafute.

Anayepiga ni Bi Daftari wa mapokezi. Anauliza kama niko salama. Halafu saa moja jioni anapiga tena, anauliza kama nimefika nyumbani. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Tangu siku hiyo mpaka sheria ilipokuja, hakuna mtu aliyeniuliza kama nimefika. Naandika hapa kwa sababu karatasi haina mdomo: nampenda Bi Daftari.

Sasa balaa. Amepata barua ya uhamisho. Tawi la mji mwingine, siku nzima kwa basi. Barua ilikuwa mezani kwake, na kazi hii imenifundisha kusoma karatasi za watu kichwa chini miguu juu. Anatakiwa ajibu kabla ya Jumamosi saa sita mchana, akubali au akatae.

Mpango: niingie nyumba za hatari. Hatari ikizidi, simu itarefuka. Simu ikirefuka, maneno yatajileta yenyewe. Nyumba ya leo haikuwa na hatari yoyote. Simu ilidumu sekunde ishirini na mbili tu.

Jumanne, 4 Machi

Nyumba ya mbwa. Mwenye nyumba alinihakikishia kwamba mbwa amefungwa. Mbwa hakuwa na habari hiyo. Nilikuwa napima ukuta wa nyuma nikasikia pumzi si zangu. Sikumbuki nilivyopanda. Nilijikuta juu ya tangi la maji, na kipande cha suruali kimebaki chini na mwenyeji wangu.

Simu ikalia. Nikajikaza kisabuni, nikasema kwa sauti nzito kuwa kuna kambwa kadogo hapa, si kitu. Kambwa kakabweka. Bi Daftari akauliza kama nimeumwa, kama natoka damu, kama mfuniko wa tangi ni imara, kama geti liko wazi. Maswali mazuri yote, la moyoni hakuna hata moja. Akaniamuru nisishuke. Dakika tatu na nusu! Kisha akakata ili ampigie mwenye nyumba, nikabaki na mbwa.

Alikuja bibi mmoja wa jirani na ndala zake, akamwita mbwa Mpenzi, wakaondoka zao. Mimi neno hilo limenikwama kooni mwaka mzima, yeye anamwitia mbwa.

Ofisini Bi Daftari alinipa sindano na uzi, akatazama ukutani muda wote niliokuwa nashona. Futi alipima mpasuko kabla sijauziba. Sentimita kumi na nne. Ameandika mahali.

Jumatano, 5 Machi

Wazo limenijia kwenye chai. Simu ikishikwa, imekwisha. Isiposhikwa mara tatu, mtu anatumwa. Nani wa kutumwa leo? Futi yuko nje, wengine wako nje, Bosi yuko mkutanoni. Amebaki yeye. Hesabu safi kabisa.

Nyumba iliyohamwa ina kiti jikoni. Nikaweka simu dirishani, nikafungua pakiti ya karanga. Ikalia. Jina lake likawaka. Moyo ulinisuta, nikala karanga. Ikalia ya pili. Ya tatu nilitaka kuishika, nikaikalia mikono. Ilipokatika nikachana nywele, nikakaa mkao wa mtu aliyepatwa na jambo.

Mlango ukafunguka kwa teke. Futi! Kofia ngumu kichwani, sanduku la dawa mkononi, filimbi mdomoni. Aliacha kazi yake katikati, akakodi pikipiki, akapanda ngazi mbio na ule mguu wake. Nikamwambia hakuna mtandao. Simu ikalia pale pale.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliitoa filimbi mdomoni, akaketi sakafuni. Alisema tu kwamba siku ile alipoanguka alihesabu matofali ya ukuta ili asilale, na kwamba mchezo huu nisiurudie. Kisha akaomba karanga.

Ofisini Bi Daftari alifungua daftari. Aliandika kwa wino mwekundu: simu haikushikwa. Glasi ya maji mezani kwake ilikuwa imejaa, hajagusa. Nimeona aibu ya kweli, nikatamani ardhi ipasuke.

Saa moja jioni alipiga kama kawaida. Nimefika nyumbani? Nikasema nimefika. Akakata. Naapa, michezo basi. Kuanzia kesho natumia akili.

Alhamisi, 6 Machi

Akili: kama mtu ni hatari kumzuia, izuie nyumba. Lile tawi analohamishiwa nalijua, nililala pale siku mbili kwa kazi mwaka juzi. Nikaketi asubuhi nzima nikaandika ripoti ya hatari zake. Ngazi haina kishikio. Nyaya za umeme zimening'inia mapokezi. Ukuta wa nyuma una ufa unaopitisha kidole. Kurasa tatu, na mchoro. Nikamalizia kwamba kwa dhamiri yangu siwezi kushauri mtumishi yeyote apelekwe pale, hasa wa mapokezi.

Bosi alisoma amesimama. Akasema miaka yote hii hakujua ninaweza kuandika vizuri namna hii. Akaituma huko saa ile ile.

Saa tisa majibu yakaja. Wanashukuru sana. Kesho fundi anaanza. Ngazi itawekewa kishikio, nyaya zitafukiwa ukutani, na mapokezi yatahamia chumba cha juu chenye dirisha kubwa na kiyoyozi. Bosi alinipongeza mbele ya wote, watu wakapiga makofi. Bi Daftari akaja mezani kwangu, akasema ahsante kwa kumfikiria, hajawahi kuwa na dirisha kazini. Alisema kwa upole, macho chini. Nimejipalia makaa kwa koleo langu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupandi.

Leo sikupanga chochote. Nashuhudia mbele ya Mungu. Nilikwenda nyumba ya mchwa kufanya kazi tu. Nikaandika daftarini saa nne kamili, nikapanda darini kuona mbao za paa. Kila dalali anajua darini unakanyaga mbao, hukanyagi dari yenyewe. Nilikanyaga mbao. Mchwa walishaila, wakaacha rangi.

Nikashuka mpaka kwapani, nikakwama. Kichwa na mikono viko darini, miguu inaning'inia chumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi sikuwa na namna hata ya kuinama. Simu iko mfukoni, mfuko uko chini, na nikiinua mkono nateleza.

Saa nne na nusu ikalia. Niliisikia mapajani. Ikakatika, ikalia ya pili. Nikapiga kelele, vumbi likanijaa mdomoni. Ya tatu ilipokatika nikaelewa. Jumatano nilimfundisha mwenyewe kwamba simu yangu isiposhikwa, nakula karanga. Atamwambia nini Futi, na Futi atakodi pikipiki ya nini? Nililia. Hakuna anayesoma hapa, basi nililia. Nilimfikiria marehemu mke wangu, angenicheka sana, kisha angelia na yeye.

Mara nikasikia mtu anashika viatu vyangu, vyote viwili, kwa nguvu. Alikuwa Bi Daftari. Amefunga mapokezi, kitu kisichowahi kutokea, na nyuma yake Futi na ngazi. Futi alinieleza baadaye kwamba yeye alisita, na Bi Daftari akamjibu kuwa awe anacheza asiwe anacheza, simu isiyoshikwa ni simu isiyoshikwa.

Nikamwuliza kutoka juu kama atakwenda huko kwenye dirisha. Akasema hajibu mtu asiye na uso. Waliponishusha nilikuwa mweupe wa vumbi nywele mpaka soksi. Akanifuta macho kwa kitambaa chake, akasema kama nina la kusema niseme sasa, nimesimama sakafuni. Nikafungua mdomo. Nikasema dari hii inahitaji kubadilishwa yote.

Akakunja kitambaa, akarudi kazini. Futi alibaki kupima tundu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Saa sita mchana ndiyo mwisho. Bahasha ilikuwa mezani kwake, imeshafungwa. Nilipita mbele yake mara tisa. Mara ya tisa nilijifanya natafuta stepla, na stepla ilikuwa mkononi mwangu.

Saa tano na nusu simu yangu ikalia. Ni yeye, hatua sita kutoka nilipo. Namwona anavyonitazama. Akauliza kama niko salama.

Nikasema hapana. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema Jumatano niliidharau simu yake ili aje, na ni aibu yangu. Nikasema nyumbani kwangu saa moja jioni ni saa ngumu, na kwamba huwa naketi kwenye kochi na viatu vyangu nikisubiri alie, namaanisha simu ilie. Nikasema nimemzoea, kisha nikasema si kuzoea, nampenda. Nikauliza kama huyo atakayekuja mahali pake naye atapiga saa moja jioni.

Akaniambia niende nikasome sheria, imebandikwa ukutani karibu na saa. Mwaka mzima naipita sijawahi kuisoma. Simu moja baada ya nusu saa ya kuingia nyumba. Ya jioni haimo. Nikamwuliza Futi kama yeye hupigiwa saa moja jioni. Akasema hajawahi hata siku moja, na angepigiwa, mkewe angetaka maelezo.

Nikarudi kwenye simu, bado anasubiri. Akasema Jumatatu aliandika barua ya kukataa uhamisho. Jumatano aliichana, akaandika ya kukubali, kwa sababu alidhani nimekufa, na alipojua niko hai na nilikuwa nacheza tu, akaona ni vibaya zaidi. Ndiyo hiyo iko kwenye bahasha. Akaipasua mbele ya macho yangu, taratibu, vipande vinne. Saa sita kasoro dakika kumi akatuma jibu jipya: anakataa.

Kisha akatoa maelekezo. Kesho saa kumi niende kwao kumwona mama yake. Nipite mlangoni, niketi kitini, ninywe chai, niseme lililonileta. Akarudia mara mbili: hakuna kingine. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Mwanamke huyu ni zawadi. Lakini mambo ya wazee hayaendewi kichwa kichwa, yanataka maandalizi. Mtu huwezi kuingia tu ukasema unamtaka binti wa watu.

Leo asubuhi nimepita kwao kwa bahati tu, mara tatu. Nyumba nzuri, imetunzwa. Ila paa la upande wa jikoni limelegea na nimeona njia ya mchwa ukutani. Mama mtu anakaa peke yake mchana, nani atamwambia? Mpango ni rahisi. Kwao wanarudi kutoka ibadani saa tisa, mimi nifike saa nane na nusu. Futi ananishikia ngazi, kisha saa kumi na robo atapita kama kwa bahati na kunisifia. Amekubali, mradi apime sebule.

Simu nimeizima isije ikalia ikaharibu. Nitapandia upande wa jikoni, nikague mbao zote, nishuke kwa heshima na ripoti kamili mkononi. Na hata mama akinikuta darini kwake, atajionea mwenyewe kwamba nimekuja kwa nia njema.