Mluzi Uwe Lugha ya Dunia, na Wanawake Waruhusiwe Kujibu

San Celso ya Milimani, Oaxaca
Jumatano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niutangazie ulimwengu kwamba jana, saa tatu asubuhi, niliagiza chumvi kutoka duka la mlima wa pili bila kutamka neno. Chumvi ilifika. Ilikuwa ya mawe, kama nilivyoagiza.

Nataja hilo kwa sababu wiki iliyopita uliwauliza wasomaji ni lugha gani ingeifaa dunia nzima. Mmoja alitaja Kiingereza, mwalimu fulani akapigania Kihispania, na daktari wa meno akataka itungwe mpya isiyo na mwenyewe. Hakuna aliyeukumbuka mluzi wetu sisi Wamasateko, watu wa milima hii, tunaousema kama maneno. Nimeumia, na hoja zangu ni hizi:

1. Lugha zote mlizozitaja zinataka watu wasogeleane, na wakisogeleana ndipo wanapogombana. Mluzi unavuka bonde. Mabalozi wangekaa kila mmoja juu ya kilima chake, wakapatana kabla ya kahawa ya asubuhi.

2. Mwenye hasira hawezi kupiga mluzi, midomo inatetemeka. Mwaka juzi Filogonio na shemeji yake walianza kutukanana kwa mluzi juu ya mpaka wa mibuni. Wakatoa upepo mtupu, wakarudi kuchuma. Fikiria ni vita vingapi vingeishia kwenye upepo.

3. Hakuna siri. Mkubwa hawezi kuahidi barabara upande huu na kuikana upande ule, maana pande zote zimesikia.

4. Hapa ndipo panaponiuma hasa. Kwa desturi yetu wanawake wanauelewa mluzi wote, lakini kuupiga hawapigi, si adabu. Siku ishirini na mbili zilizopita nilimposa Bi Apolonia, mjane wa kilima cha ng'ambo. Nilipiga taratibu, kwa vituo: "Apolonia, nyumba yangu ina paa jipya, na mimi bado nina nguvu. Njoo tuzeeke wote." Mkulima mwenzangu Nicasio akajibu toka shambani kwake, "Mwambie na linapovuja, mzee." Mwingine, simjui, akauliza nimebakiwa na meno mangapi. Mhusika mwenyewe kimya. Jumapili sokoni aliniangalia, akanunua pilipili, akaondoka.

Lugha ya dunia ambayo nusu ya dunia haina ruhusa ya kujibu ina kasoro ndogo. Kwa hiyo naomba gazeti lako liwatangazie wanawake wote ruhusa ya kupiga mluzi, ikiwezekana kabla ya Jumapili, katika ule ukurasa ambao wauza pilipili hufungia bidhaa yao, ili tangazo limfikie.

Nisalimie wapiga chapa wako, daktari wa meno, na mabalozi wote watakaohusika.

Ni mimi, wako katika upepo,
Melesio Cerqueda

Tanbihi: Sijafunga bahasha, Bi Apolonia ameingia, matope hadi magotini. Amesema, "We Melesio, posa yako imesikiwa mpaka na mbuzi. Mimi nilikuwa nangoja uje uniambie mimi." Nikamwambia, kwa mdomo, yeye peke yake. Amekubali. Nimetoka nje kumtangazia Nicasio na wenzake, lakini nacheka, na kumbe anayecheka pia hawezi kupiga mluzi. Kutoka kwangu hadi kwa Nicasio ni dakika ishirini kwa miguu, basi naondoka.