Kadayıf, Bima na Dhahabu za Kina Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Paka Kadayıf anadondokwa na mate tangu jana. Anakisogelea chakula, anakinusa, kisha ananitazama kama vile mimi ndiye niliyekiharibu. Mtu mwingine angembeba mbio kwa daktari wa wanyama. Mimi si mtu mwingine. Nimeshona suti za watu hapa mtaani Balat miaka mingi, nawajua wajinga wanaolipa kabla ya kupima. Bima kwanza, daktari baadaye.

Nimempigia kijana wa bima. Akauliza kama paka amewahi kuugua. Nikamwambia hajawahi hata kupiga chafya. Akauliza mwenye paka ni nani. Swali gani hilo! Mimi. Ni kweli kwamba analala kwenye ngazi za jengo zima, na asubuhi anapita kwa mwoka mikate kujipatia chochote. Lakini jina la Kadayıf nimempa mimi, na chakula cha jioni anakula kwangu. Nimelipa ya mwaka mzima, pensheni imepigwa pengo.

Bi Perihan wa ghorofa ya chini kanikuta mlangoni nikitabasamu peke yangu, akataka kujua kulikoni. Nikamweleza. Akasema pesa ya bima ni pesa ya kutupa, mwenye akili anaweka akiba. Yeye yumo kwenye siku ya dhahabu. Wanawake tisa wa mtaani wanakutana kwa zamu, mwenyeji wa mwezi anapika na kumimina chai, na kila mgeni anamwachia sarafu ya dhahabu. Nikamwambia huo ni upatu wa umbeya na keki. "Haya, Bwana Nevzat," akasema, "tutaonana kwa daktari."

Mwanamke huyu ana kiburi. Sijui kakitoa wapi.

Jumatano, 8 Oktoba

Bado sijakwenda kwa daktari. Ni mbinu. Ukikata bima Jumatatu na kumpeleka paka Jumanne, hata mtoto atakushuku. Nimempikia supu ya kuku, nikaiweka kwenye ngazi. Baada ya muda nikakuta kisahani cha dagaa pembeni yake. Bi Perihan. Nikaisogeza supu mbele. Niliporudi, dagaa walikuwa mbele.

Kadayıf hakugusa supu wala dagaa. Nimemtangazia Bi Perihan kwamba anainyang'anya supu yangu nafasi. Hakucheka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo alipiga mwayo, akalia kwa uchungu. Mbinu zote zikanitoka. Nimemtia kwenye kikapu cha sokoni, nikakimbia na kandambili.

Daktari Tülay akamfungua mdomo, nikaona fizi nyekundu kama pilipili. Akasema meno yote yang'olewe, na upesi, la sivyo atakufa njaa chakula kikiwa mbele yake. Nikasema ang'oe, bima italipa. Nilisema kwa sauti, wanaosubiri nje wasikie.

Akapitisha kidude chake shingoni kwa Kadayıf, pale wanapotia chipu chini ya ngozi. Kikalia. Daktari akaanza kucheka. Kumbe paka huyu anamfahamu vizuri sana. Huyu ni Sultan, paka wa Bi Perihan, aliletwa mwaka jana kwa fizi hizihizi, tena zaidi ya mara moja. Halafu akamwangalia vizuri usoni na kuongeza kwamba hata mwoka mikate kamleta wakati fulani, ila yeye anamwita Simit.

Mnyama ana nyumba tatu na majina matatu. Na mimi nimemlipia bima kama mke wangu wa ndoa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bima wamekataa. Kijana amesema ugonjwa ni wa zamani, na kwenye chipu paka si wangu. Nikamfafanulia kwamba aliyeugua mwaka jana ni Sultan. Kadayıf ni mzima, ameanza kuumwa wiki hii. Akauliza kama nasema kwa dhati. Nikamjibu sijawahi kusema kwa dhati zaidi. Pesa hairudi.

Gharama ya kung'oa meno pensheni yangu haifikii hata nusu. Kadayıf amelala juu ya cherehani yangu. Nimempapasa mgongoni, nikahisi mifupa. Naogopa. Sitamwambia mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Bi Perihan kapanda mwenyewe. Daktari kishamwambia yote. Nilijiandaa kwa masimango, hakuleta. Akasema zamu yake ilipita wakati wa kiangazi na dhahabu zikaishia kwenye paa lililokuwa linavuja. Lakini Bi Müzeyyen amehamia Bursa, nafasi yake iko wazi, na mzunguko mpya unaanza Jumanne. Mwenye shida kubwa hupewa zamu ya kwanza. Ila mwanamume hawajawahi kumwingiza.

Nikamwambia bora niuze mkasi wangu kuliko kukaa na kina mama tisa.

"Wanane," akasema. "Wa tisa ni wewe."

Nikafunga mlango. Kadayıf akajaribu kulamba maji, akarudi nyuma akitetemeka. Nikashuka ghorofa moja. Masharti yao: niwakaribishe kwangu, na börek, ile pai ya jibini, nipike kwa mikono yangu. Ya dukani ni marufuku.

Jumanne, 14 Oktoba

Börek nimeinunua dukani. Tabaka arobaini za unga na jibini, nani ana muda huo? Nikaiunguza kingo kwa makusudi ionekane ya nyumbani, nikajipaka unga kwenye nyusi. Kazi safi.

Wakaja wote wanane na viatu vyao vikajaa mlangoni. Bi Perihan akanyanyua kipande chake, akakigeuza. Karatasi ya duka ilikuwa imeganda chini.

Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye zulia. Bi Nigâr wa duka la vifungo akaniuliza, "Kaka Nevzat, karatasi nayo tunaila, au ni ya kufutia mikono?" Nikawaambia ndivyo ilivyopikwa kwa marehemu mama yangu. Wakazidi.

Hata hivyo, mmoja baada ya mwingine akaweka sarafu kwenye sahani. Bi Perihan akawa wa mwisho. Akasema yake ni kwa ajili ya Sultan. Nikasema Kadayıf. Akasema Sultan. Akaiweka. Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia chai inapoa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Amerudi. Mdomo mtupu, hana hata jino moja. Nimemwekea supu, akailamba bakuli zima, kisha akashuka ngazi kwenda kula dagaa waliopondwapondwa. Msaliti. Nimelia kidogo jikoni, na hakukuwa na kitunguu.

Bi Perihan akauliza kutoka chini kama sasa nimeona faida ya akiba. Nimejifanya sisikii.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kampuni nyingine ya bima imenipigia. Binti mwenye adabu, ananiita mzee wangu. Wana bima mpya ya paka, ya meno peke yake. Nikacheka kwa furaha. Hapa sasa hawana pa kunishika! Safari hii hakuna wa kuniambia ugonjwa ni wa zamani.

Akauliza kama paka ana jino lolote bovu kwa sasa. Nikamjibu kwa kiapo: hana. Kweli tupu, daktari wangu ni shahidi.

Nimelipa ya miaka miwili, kwa pesa niliyotenga kununulia sarafu ya mwezi ujao. Mwenyeji ni Bi Nigâr. Nitampelekea börek.