Tuta Lisilovuja

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimeanza kilimo. Sitanii! Ile pembe ya uani inayopata jua, nyuma ya jiko, nimekabidhiwa mimi nipande saladi na figili. Nimekabidhiwa kwa masharti. Mke wangu amesema ikifika Jumamosi ya tarehe 17 bila jani hata moja, pembe inakwenda kwa mdogo wake.

Mdogo wake ni shemeji yangu aliyehamia kwetu na kuku mmoja. Anataka kujenga banda palepale. Mimi namwita Mtaalamu, kwa sababu hakuna jambo asilolijua.

Mke wangu ameongeza neno lililonichoma. Kwamba dukani mimi ni fundi saa wa kusifiwa, lakini nyumbani kila ninachokifungua hakifungwi tena. Akataja pasi. Akataja redio. Akataja bomba la bafuni. Kisha akasema hii ndiyo mara ya mwisho ananiamini na kitu cha nyumba hii. Nimeumia sana. Redio ilibaki kidogo tu.

Jumapili, 4 Mei

Tuta limekamilika. Uani kwetu ni saruji tupu, hakuna pa kuchimba, kwa hiyo nimeunda sanduku kubwa la mbao, juu wazi, nikalipandisha juu ya matofali. Mbao ni za kabati lililokufa. Viungo nimevibana kwa gundi na mpira kama mfuniko wa saa ya kuzamia. Nikalijaza maji kulijaribu. Hata tone halikutoka! Nikamwita mke wangu aje aone.

Mtaalamu naye akaja, ingawa hakuitwa. Akauliza maji ya mvua yatatokea wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba maji yanaingia ili mimea iyanywe, si ili yatoke. Akatikisa kichwa. Kijicho tu.

Nikamwaga maji, nikajaza udongo mweusi, mboji, na samadi kidogo. Mbegu ya saladi ni kitu cha ajabu jamani. Ndogo kama skrubu ya saa ya kike! Nimezipanda kwa kibano, moja moja, lenzi jichoni. Mistari imenyooka mpaka raha.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kubwa. Tuta limekuwa beseni. Mbegu za figili zilikuwa zinaelea, zinazunguka taratibu, na moja ilikuwa imeshafika ukingoni inataka kuteremka.

Imebidi nitoboe mashimo chini. Keekee ni ya Mtaalamu. Alinipa, akavuta kiti, akakaa kutazama. Nilijilaza chali chini ya tuta nikatoboa. Maji yote ya tope yakanishukia usoni, mengine yakaingia kwenye mkono wa shati hadi kwapani. Mtaalamu akasema sasa yanatoka.

Nimeziokota mbegu zilizoelea, nikazianika kwenye kitambaa cha kufutia saa, nikazirudisha kila moja mahali pake.

Alhamisi, 8 Mei

Kuna nini huko chini? Swali hili linaninyima raha. Leo dukani nimemfungia mteja mkanda wa saa kichwa chini kwa sababu yake. Saa ikikaa kimya, unaifungua uone. Udongo nao umekaa kimya.

Nimefungua. Mbegu moja tu. Imevimba! Nimefurahi kama mtoto. Nikaifukia vizuri. Halafu nikajiuliza kama jirani yake naye amevimba au ni huyu peke yake. Amevimba. Basi haikuwa haki kuacha wengine wa mistari ya mbele.

Ijumaa, 9 Mei

Ajabu! Mbegu zimepasuka na kila moja imetoa kamkia keupe. Kanajuaje chini ni wapi? Nimekashika kamoja kwa kibano nikakageuza juu, nione kama katarudi chini. Kamekatika. Nikajaribu kengine kwa uangalifu zaidi. Nako kamekatika.

Mke wangu alitokea mlangoni akauliza nimeinamia nini muda wote huu. Nikasema ni ukaguzi. Akaniambia niziache mbegu zilale. Nikamjibu kwamba naziangalia tu, siziamshi.

Jumatatu, 12 Mei

Mambo si mazuri. Mstari wa kwanza wote umenyauka kabla ya kuchipuza, na wa pili pia. Nimezichimbua mbegu zote za mistari hiyo kutafuta sababu. Nikazipanga mezani kwa ukubwa. Sababu haijaonekana. Mistari ya mwisho, upande wa ukutani, sijaifikia bado. Kiuno kimegoma.

Ijumaa, 16 Mei

Kesho ndiyo siku yenyewe na sina jani. Mtaalamu ameshaanza kupima pembe yangu kwa kamba, anapiga mluzi. Sitakubali!

Nimepata akili. Nimepita sokoni nikanunua saladi, zile nzuri zenye majani ya kujikunja. Kesho alfajiri nitazichomeka kwenye udongo. Nani atauliza mizizi?

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi mke wangu alitoka na kikombe cha chai, akasimama. Saladi zimejipanga, zina umande niliounyunyiza mwenyewe. Akaweka mkono begani kwangu. Akasema hakutegemea, na kwamba amenionea bure. Alitabasamu lile tabasamu la zamani. Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Lakini tabasamu lilikuwa zuri mno.

Jua likapanda. Saladi ya kwanza ikainama. Ya pili ikaegemea ya kwanza. Kufikia wakati wa chakula zote zilikuwa zimelala kifudifudi. Mtaalamu akavuta moja kwa vidole viwili, akaigeuza. Chini imekatwa kwa kisu, safi kabisa, na bado ina ule mpira wa kufungia wa muuza mboga.

Mke wangu hakugomba. Angegomba ningepona. Aliingia ndani akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Pembe imekwenda.

Jumapili, 18 Mei

Mtaalamu amechota udongo wangu kwa beleshi na kuumwaga kando ya ukuta. Tuta langu amelitandika majani makavu, amelipachika paa, na kuku wake, rafiki wa jogoo wa jirani, ameingia humo kuatamia mayai. Viungo vile vyote, gundi ile yote, kwa ajili ya kuku!

Ule udongo sitautazama tena. Nimeapa. Nikipita uani nageuza shingo upande wa pili. Leo nimejigonga kwenye kamba ya nguo kwa sababu hiyo, na bado sikutazama.

Jumapili, 25 Mei

Mke wangu amenishika mkono, akanipeleka ukutani kwa nguvu, akaniambia nifumbue macho.

Kijani! Saladi changa, zimejazana ovyo, na figili tano au sita zimeinua majani kama masikio. Zote kutoka ile mistari ya mwisho nisiyoifikia. Nilichuchumaa, machozi yakanitoka, sioni aibu kuandika. Nikauliza zimewezaje. Mke wangu akasema zimeweza kwa sababu nilizinunia.

Nimeelewa. Nimemwahidi, mbele ya Mtaalamu, kwamba sitafukua tena kitu kinachoota. Mke wangu akacheka hadi akakaa chini kwenye ngazi ya jiko. Akasema basi, ananiamini tena.

Jumanne, 27 Mei

Wamekwenda kumsalimia mama mkwe, yeye na mdogo wake. Nyumba wameniachia mimi. Kazi yangu ni ndogo: kuku apate maji na punje, na nisiguse chochote. Mtaalamu alisita mlangoni. Mke wangu akamvuta, akamwambia shemeji yake amebadilika.

Ni kweli. Ahadi yangu nimeishika. Saladi sijazigusa hata kwa macho makali. Mbegu hazifukuliwi, hilo limeniingia.

Kuku ametoka kunywa maji. Yai moja nimeliweka mbele ya taa yangu ya kazi, kulitazama tu. Kumbe ndani kuna mishipa myekundu, kama mizizi! Na katikati kuna kidoa cheusi kinachotikisika. Kinatikiswa na nini? Hakuna betri, hakuna springi.

Yai haliko udongoni, kwa hiyo hakuna kufukua. Nitatoboa kitundu kidogo tu, upande wa juu, pasipoonekana. Gundi ninayo.