Kabla Sihami Haijatoka

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi na mbili kabla ya uzinduzi. Filamu imekamilika! Miaka mitano ya jasho. Dakika tisini na nne. Inaitwa Sihami: mjane anagoma kuhama nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Nimeiandika mimi, nimeiongoza mimi, nimeihariri mimi, kwenye kichumba cha nyuma ya studio yangu ya picha za pasipoti, kati ya mteja na mteja. Mjane ni Dada, mkubwa wangu, fundi cherehani, hajawahi kuigiza maishani. Ni moto wa kuotea mbali.

Dada alipita studio mchana. Akaomba aione. Daktari wa macho kamwambia jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia liko njiani. Anataka kuona lile gauni la zambarau, alilolishona kwa ajili ya onyesho la mwisho, limetokaje.

Nikakataa kwa upole. Nina mpango. Siku ya uzinduzi nitategesha kamera mbele ya kiti chake, inase uso wake akijiona kwa mara ya kwanza. Machozi! Kipande hicho kikisambaa kwenye simu za watu, filamu imejitangaza yenyewe. Akiiona leo, machozi yatamwagikia studioni bure.

Akacheka. Akasema haya, mdogo wangu, wewe ndiye bosi. Akatoka akipapasa mlango.

Madaktari nao hupenda kutisha watu.

Jumatano, 5 Machi

Mabango! Wazo langu mwenyewe: neno moja tu, herufi nyekundu, SIHAMI. Bila tarehe. Bila ukumbi. Watu washikwe na kiu.

Alfajiri nilibandika kwenye nyumba ndefu ya kupanga iliyo nyuma ya soko. Milango kumi na sita, mabango kumi na sita. Kazi safi.

Saa saba mwenye nyumba akaingia studio akihema, na mwenyekiti wa mtaa nyuma yake. Kumbe wapangaji wote walipewa notisi ya kuhama juzi. Mzee wa watu kaamka, kakuta milango kumi na sita inamjibu.

Nikaeleza kwamba ni filamu. Mwenyekiti akauliza filamu gani haina tarehe. Nikasema hapo ndipo penye ubunifu. Akaniamuru nikabandue ubunifu wangu.

Nikaenda. Wapangaji wakagoma! Mama mmoja aliyekuwa akifua alinionya kwamba nikigusa bango lake atanimwagia beseni. Niligusa.

Nimerudi nyumbani nanukia sabuni.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Mshindo naye ana filamu! Yule Mshindo niliyemfundisha kushika kamera, akanikimbia tukiwa katikati ya kazi akapige video za harusi. Filamu yake ni ngumi mwanzo mwisho. Uzinduzi: Jumamosi ileile, saa ileile, ukumbi mkubwa wenye kiyoyozi. Mimi nina ukumbi mdogo wenye feni mbili, moja mgonjwa.

Nikaingia mtandaoni kwa jina la Mtazamaji Mkweli. Nikaandika kwamba Sihami ni kazi ya kihistoria, na mwongozaji wake ni mtu mnyenyekevu mno. Mshindo akauliza huyo Mkweli kaionea wapi wakati haijatoka. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si yeye anayemdhania. Bahati mbaya nilijibu kwa akaunti yangu halisi, yenye picha yangu.

Watu mia mbili wamecheka. Nimewahesabu.

Jumapili, 9 Machi

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nimeahirisha uzinduzi hadi tarehe 29. Mshindo atabaki akipigana na upepo.

Jioni akaja mpwa wangu, mwana wa Dada, mwalimu wa shule ya msingi. Hakukaa.

"Mjomba, mama hana wiki tatu."

Moyo ukanipasuka. Nikamshika mkono, nikamuuliza ana nini, tangu lini, mbona hamkuniambia.

"Macho, Mjomba. Nasema macho."

Nikashusha pumzi. Macho! Mtoto huyu ataniua kwa presha.

Akaomba nakala moja tu. Ataiweka kwenye kompyuta yake, mama yake aitazame mara moja, basi. Saa moja na nusu, mlango umefungwa. Nikamweleza kwamba filamu nyingi zimevujia kwa ndugu. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekutwa anakula chaki.

Jumanne, 11 Machi

Redio! Kipindi cha asubuhi, dakika kumi na tano. Nilimchukua Dada. Kwenye ngazi alinishika bega na kuhesabu vidato kwa sauti. Nikamwambia ahesabu kimyakimya, tusionekane washamba.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mtangazaji alipomgeukia.

"Mama, wewe ndiye nyota. Tuambie, filamu ni nzuri?"

"Sijui, mwanangu. Sijaiona."

Kimya. Redioni kimya ni msiba.

"Hujaiona? Kwa nini?"

"Mdogo wangu anataka iwe zawadi. Basi nimeyatunza macho. Sisomi, wala sitazami runinga. Nayawekea akiba."

Mtangazaji akasahau kuuliza swali lililofuata. Ikabidi niingilie kati na kutaja tarehe ya uzinduzi. Kwa msisimko nikataja ya zamani.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda kupeleleza uzinduzi wa Mshindo. Miwani myeusi, kofia hadi masikioni. Watu ishirini na mmoja katika ukumbi wa mia nne! Nilifurahi hadi nikajionea aibu, kisha nikafurahi tena. Mshindo alinitambua. Alinishukuru kwa kuja. Alionekana kama mtu aliyefiwa. Akaniambia niitazame yangu vizuri kabla ya kuhangaika na watu. Wivu tu.

Nikapitia kwa Dada kumpa habari njema. Alikuwa anashona sketi ya shule, ya buluu, uso umekaribia kugusa sindano. Akaniuliza uzi uliomo mashineni ni rangi gani.

Ulikuwa mwekundu. Nikasema buluu. Sikutaka kumvunja moyo.

Akashukuru, akaendelea kushona. Mshono mwekundu ukazidi kurefuka. Flashi yenye filamu ilikuwa mfukoni mwangu, na kompyuta ya mpwa ilikuwa palepale mezani. Niliishika ile flashi. Nikaizungusha vidoleni. Dada akasema ameota amelivaa gauni lile, ila ndotoni rangi yake ilikuwa haikai.

Nikaaga. Wiki mbili si kitu.

Alhamisi, 20 Machi

Mpwa amepiga simu saa mbili asubuhi. Dada kaamka, kauliza kwa nini leo hawajafungua madirisha.

Yalikuwa wazi. Jua lilikuwa limemwagika hadi kwenye mto wa kitandani.

Nilifunga studio na mteja akiwa kitini, nikakimbia. Nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshavaa, amejifunga kilemba, mikono magotini, kama anayesubiri kuitwa jina. Nilipiga magoti. Nikaweka filamu kwenye simu, nikaongeza mwanga hadi mwisho, nikaisogeza karibu na jicho la kulia hadi kope zikagusa kioo.

Akasema anaona kitu. Ngoja. Anaona kama mwanga, kama rangi.

Kisha akakigusa kioo kwa vidole. Akasema hapana, ni joto la simu.

Nikalia kama mtoto. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Mpwa alisimama mlangoni. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Jumamosi, 29 Machi

Uzinduzi. Saa kumi alasiri. Watu mia na kumi! Wengine walisimama. Feni ile mgonjwa ilikufa, hakuna aliyejali.

Nilitaka kuiondoa kamera. Kweli nilitaka. Lakini ilikuwa imeshafungwa, na betri ilikuwa imejaa.

Mpwa aliketi kando ya mama yake akimnong'oneza: sasa uko jikoni, sasa unafunga mlango, sasa wanakuja na karatasi. Dada alikuwa ameugeuza uso wake wote kuelekea spika ya kushoto. Mjane alikuwa huku mbele, mkubwa kama ukuta, yeye anatabasamu na spika. Onyesho la mwisho lilipofika nilimsikia akiuliza, si kwa sauti ya chini kama alivyodhani, kama gauni limeshatoka. Mpwa akasema limetoka, mama. Akauliza likoje. Mwanamke wa safu ya nyuma, asiyemjua kabisa, akainama na kumwambia, "Linang'aa, dada. Linang'aa mno."

Ukumbi mzima ulilia. Mimi sikuona filamu wala ukumbi. Nilikuwa natazama kioo kidogo cha kamera, kuhakikisha uso wake uko sawa.

Jumapili, 30 Machi

Nilikwenda kwa Dada na keki. Alikuwa mchangamfu. Akasema mwanawe anasimulia vizuri, ila anasimulia alichokiona tu. Anataka mimi. Niketi naye, mimi na yeye, nimweleze kila picha: kamera niliiweka wapi, kwa nini nilisogea, nilikuwa nawaza nini nilipomtazama. "Wewe ndiye uliyeniona," akasema.

Niliweka keki chini. Nikaapa. Kesho saa tisa, studio imefungwa, simu imezimwa. Nimekuwa mpumbavu na sitakuwa tena. Niliapa kwa jina la mama yetu.

Jioni hii kipande cha Dada akitabasamu na spika kimetazamwa na watu elfu arobaini! Nilikuwa nimekiweka mtandaoni kwa majaribio tu. Wenye ukumbi wa mji wa pili wamepiga simu. Wanaitaka Sihami wiki nzima, na wanataka nifike kesho mchana nikatangaze.

Nimemtumia mpwa ujumbe amwambie mama yake nitakuja nikirudi. Hajajibu. Dada ataelewa. Kuona ndiko kulikokuwa na haraka. Kusimuliwa kunaweza kusubiri.