Daktari Mulwa na Jino la Kamanda

Mulwa alifika soko la Kasikeu kuuza miwani ya jua, akakuta watu hawana shida na jua. Siku mbili kabla, mbwa mwenye kichaa alikuwa amepita hapo, akauma mbuzi watatu kabla ya kuuawa, na sasa kila mtu alitembea na fimbo. Mulwa alisikiliza hofu hiyo dakika kumi. Akarudisha miwani mfukoni, akaenda nyuma ya hoteli kuchemsha mwarobaini na majani ya chai. Kufikia saa tano alikuwa daktari.

"Kijiko kimoja tu!" alitangaza. "Kirusi cha kichaa kikikutana na dawa hii mwilini, kinaomba msamaha na kutoka!"

Tulicheka, kisha tukapanga foleni. Asiye na pesa alilipa kuku. Mimi ninayewasimulia, mwalimu mstaafu wa sayansi, nilitoa jogoo na nikaomba chupa mbili.

Kasiva, muuzaji wa ndengu, hakupanga foleni. Mbwa wake, Kamanda, alikuwa amelala kando ya meza.

"Daktari," aliuliza Kasiva, "mtu akishaumwa, bado inasaidia?"

"Hata baada ya mwezi, mama."

Uso wa Kasiva ulibadilika. "Ndugu yangu Nzomo aliumwa mguu, akapewa mitishamba. Kidonda kikapona, tukasahau. Kumbe kirusi kilikuwa kinapanda na mishipa ya fahamu, polepole, mpaka kwa ubongo. Siku alianza kuogopa maji, hospitali walituambia tumechelewa. Dalili zikianza, hakuna dawa."

Foleni ikaanza kulegea. Mulwa hakuwa mtu wa kuacha msiba uharibu biashara. Alirudi nyuma hatua moja ili apaze sauti, akakanyaga mkia wa Kamanda. Kamanda akamuuma shavu la mguu, damu ikatoka.

"Kunywa dawa, daktari!" tulimshangilia.

Mulwa akanywa chupa nzima, akatabasamu kama mgombea ubunge.

Kasiva aliinama kumtazama mbwa wake. "Wacha niseme ukweli. Huyu tangu jana anatokwa na mate, na amekataa chakula."

Tabasamu la Mulwa liliondoka bila kuaga. "Mate... mengi?"

"Mengi. Lakini si uko na dawa?"

Mulwa alijaribu kuvumilia. Alisimama hivyo kwa muda wa kumeza mafunda mawili.

"Sabuni!" alipiga kelele. "Leteni sabuni na maji!"

"Na hii dawa?" nilimuuliza, chupa zangu zote mbili mkononi.

"Ni mwarobaini na majani ya chai, mwalimu! Haiwezi kusaidia hata mbuzi!"

Kasiva akamshika mkono, akampeleka kwa mfereji. "Osha dakika kumi na tano. Usiibe hata moja." Alisimama hapo na simu yake akihesabu, huku sisi tukifungua kuku wetu kimya kimya. Nilimchukua jogoo wangu bila kumtazama machoni.

Kitheka wa bodaboda alimkimbiza hospitali. Nesi Yvonne alimchoma sindano ya kwanza ya chanjo, akamwambia arudi siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Mbwa naye afungwe siku kumi. Akibaki mzima, basi hakuwa na kirusi kwenye mate siku ile.

Tangu hapo Mulwa alimpigia Kasiva simu kila asubuhi.

"Mama, Kamanda ameamkaje?"

"Vizuri."

"Amekula?"

"Ugali."

"Amemaliza?"

Hakuwahi kumuuliza hata mamake mzazi maswali mengi hivyo.

Siku ya kumi Kasiva alicheka kwenye simu. "Kamanda alichanjwa mwezi wa tatu. Cheti ninacho. Na huyo hajawahi kukataa chakula tangu azaliwe."



"Mama," Mulwa alisema, "kumbe ulinitapeli."

"Kabisa. Mbwa wa kwangu nilikuwa namjua, lakini wewe hukuwa unamjua, na bado ulikuwa unajichekelea hapo na chupa. Ningekuomba kwa upole uende hospitali, ungeenda?"

Mulwa alifikiria jibu tamu. Alikuwa nayo mengi.

"Hapana," alisema.

"Basi siku ya kumi na nne nenda ukamalize sindano, zikukinge na mbwa usiyemjua. Nesi anakungoja."