Mwalimu Alisema Vumbi Tu

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepata kazi ya heshima. Mwalimu Magdalena, aliyejaribu kunifundisha hesabu darasa la nne, kaniita nimpangusie vumbi kompyuta ya marehemu mumewe, Mzee Stephano. Mzee alikuwa kiongozi wa kwaya yetu hapa Njinjo. Jumapili anatimiza mwaka tangu afariki. Kuna misa, kisha watu nyumbani. Mle kwenye kompyuta kuna wimbo aliourekodi mwenyewe, na sauti yake haipo pengine popote. Mwalimu hajaufungua tangu mazishi. Kasema alikuwa anaogopa, sasa yuko tayari. Kasema pia, mara mbili: vumbi tu, Dismas, usiguse kingine.

Nimepangusa. Nimeivua vitambaa vitatu vya kudarizi, mashine ikabaki uchi. Mwalimu akaenda jikoni. Sasa mimi ni mtu wa kutaka kujua, nimezaliwa hivyo. Nikaiwasha. Lo! Ugali unaiva kabla haijaamka. Nikaona na sababu: kioo kimejaa vijipicha kila kona, kama shamba lisilopaliliwa. Nikapalilia. Chagua, futa. Chagua, futa. Kioo kikatakata. Nikachomeka hedifoni zangu nijue kama sauti ipo. Ipo! Nikasikia ndala za Mwalimu, nikazichomoa kwa pupa, nikarudisha vitambaa. Kanipa karanga za kushukuru.

Jumanne, 10 Septemba

Balaa. Mwalimu kaniita asubuhi na mapema. Programu ya kupigia nyimbo haipo. Folda ya kwaya haipo. Na mashine imekuwa bubu, hata ule mlio wake wa kuamka hautoki. Nimemwambia ni uzee. Kaniangalia vilevile alivyokuwa akiniangalia darasa la nne.

Nimewaza njia nzima. Nani aliingia mle baada yangu? Alfani! Fundi simu wa sokoni. Jana jioni alipita kumjulia hali. Na Alfani ni mtani wangu. Basi, kila kitu kimeeleweka. Mwaka juzi kwenye msiba wa baba yangu mdogo alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Akapewa. Mtu wa namna hiyo atashindwa kuficha programu?

Nimemweleza mke wangu, Rosemary. Kauliza kama nina hakika sikugusa kitu. Nimesema nilipangusa. Kaguna.

Jumatano, 11 Septemba

Mtani humpeleki kwa mtendaji wa kijiji. Unamjibu hapohapo. Nimemteka jogoo wake, yule mwekundu anayemringia. Nimempelekea ujumbe: rudisha programu, rudisha sauti, upate jogoo. Kapiga simu, anacheka mpaka anakohoa. Kasema hajui ninachozungumzia. Mtu asiyejua kitu anacheka hivyo? Ushahidi gani tena nitafute!

Jogoo yuko jikoni kwetu. Kajisaidia kwenye ungo wa Rosemary. Rosemary hanisemeshi.

Alhamisi, 12 Septemba

Alfani hajasalimu amri. Nimeamua kuiponya mashine mwenyewe. Nimekwenda na bisibisi. Nimefungua boksi lake. Maajabu! Kuna feni mle ndani! Ya nini? Kompyuta inasikia joto? Nimeizungusha kwa kidole, inazunguka. Nimefunga. Imebaki skrubu moja, nadhani ilikuwa ya ziada.

Nimeleta spika ya kwaya niichomeke kwenye lile tundu la hedifoni. Waya umegoma kuingia. Umeingia nusu, ukakwama. Kutu, nikasema. Nikadondoshea mafuta ya ufuta, vijiko viwili. Bado.

Mwalimu alikuwa kwenye kigoda, ananitazama. Hakugomba. Kasema taratibu kwamba mwaka mzima aliiogopa sauti ile, alipita chumba hiki ameinamisha kichwa. Sasa anaitaka, na haipo. Kasema ameanza kusahau Mzee alivyokuwa akilitamka jina lake. Nilikosa pa kuweka uso. Moyo uliniuma kwelikweli. Nimerudi nyumbani nimemkemea jogoo.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimegundua kitu! Pembeni ya kioo kuna kipipa cha taka. Nimekifungua, kimejaa pomoni. Sasa mashine itapumuaje na taka zote hizo? Nikaiamuru ikimwage. Ikauliza kama nina hakika. Adabu nzuri, mashine ya zamani. Nina hakika, nikasema, nikasogeza mshale kwenye ndiyo. Kabla sijabonyeza, umeme ukakatika. Pu! Giza kwenye kioo.

Nimelaani kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhuhuri. Haukurudi. Jitihada zangu zote zinakwamishwa.

Jumamosi, 14 Septemba

Rosemary kanipita. Kaenda sokoni mwenyewe, kamrudisha jogoo, kamwomba Alfani samahani, kamleta kwa Mwalimu. Nimefika nimewakuta.

Alfani hakutafuta sana. Kaenda moja kwa moja kwenye kile kipipa. Programu hizo hapo. Folda ya kwaya hiyo hapo, mzimamzima, chini ya taka. Kavirudisha. Kauliza nani alivitupa. Watu watatu wakanigeukia. Nikauliza kwa nini mtu anaweka vitu vya maana kwenye pipa.

Kisha kamulika tundu la hedifoni kwa tochi ya simu. Kaniomba hedifoni zangu. Nimezitoa mfukoni. Jamani! Ncha ya waya haipo! Ilikatikia mle ndani Jumatatu, na mashine siku zote ilikuwa inapeleka sauti kwenye hedifoni zisizokuwepo. Mafuta yangu yalimtesa nusu saa, anakausha kwa pamba huku akilitaja jina la ukoo wetu. Kisha tone la gundi kwenye kijiti, kagusa, kasubiri, kavuta. Ncha ikatoka. Mlio wa kuamka ukasikika. Mwalimu kakaa chini, kashika kifua. Hakutaka wimbo upigwe leo. Kasema kesho, mbele ya watu wote.

Alfani kadai fidia ya jogoo kutekwa. Kachukua ndala zangu. Nimerudi peku.

Jumapili, 15 Septemba

Misa imekwenda vizuri. Nyumbani kwa Mwalimu watu tele, wa kanisani na wa msikitini, wanakula pilau. Kompyuta imewekwa mezani, kitambaa kimoja tu. Alfani kabonyeza. Kwanza kukohoa, kiti kuburutwa. Kisha Mzee Stephano mwenyewe, kama yuko mlangoni:

“Magdalena, mama, funga mlango huo. Dismas asije akaingia, akianza kugusagusa hatumalizi leo.”

Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko. Alfani alianguka juu ya mkeka. Padri alimwaga chai. Mwalimu kacheka mpaka kajifunika khanga usoni, na chini ya khanga kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Wimbo ukafuata, mzuri sana, Rosemary anasikika kwenye kiitikio. Ulipoisha Mwalimu kaomba kurudiwa. Si wimbo. Pale mwanzo, anapoitwa. Mara tatu karudishiwa, na mara zote tatu nimetajwa na mimi.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimetafakari. Katika kijiji kizima, marehemu kataja watu wawili tu: mkewe na mimi. Hiyo si ndogo. Pia mafuta ya ufuta ndiyo yaliyolainisha ile ncha, Alfani hataki tu kukubali.

Mwalimu kamwomba Alfani aitie sauti ya Mzee kwenye flashi, kwa usalama. Flashi kampa Rosemary aitunze, kwa sharti nisijue ilipo. Iko kwenye kopo la ufuta, chini kabisa. Nimeitazama tu. Kidude kama ukucha wa kidole gumba! Mzee mzima na kwaya yake wameenea vipi mle? Hakina skrubu hata moja. Kuna mstari mwembamba ubavuni, nadhani ndipo kinapofungukia.

Rosemary kaenda kisimani. Kisu kiko jikoni.