Dada wa Kituo cha Uokoaji

Jumatatu, 4 Agosti
Bahati imenishukia karakanani! Nilikuwa nabadilisha betri ya kile kifaa ambacho mashua ikizama huita msaada kupitia setilaiti. Kifaa chetu wenyewe, kimesajiliwa kwa simu ya karakana. Badala ya kitufe cha majaribio nikabonyeza kile cha kuita msaada chenyewe. Mara simu ikalia. Dada wa kituo cha uokoaji. Akaniuliza, taratibu kama anayemfunika mtoto shuka, kama niko salama.
Mimi! Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasahau kujibu.
Bosi hakusahau kitu. Kasema nikiita msaada wa uongo mara nyingine nifungashe virago. Fundi mwenzangu, tunayemwita Antena kwa urefu wake, kacheka mpaka kakaa chini.

Jumanne, 5 Agosti
Chakula hakipiti. Natazama juu tu. Setilaiti zinapita huko kimya kimya, zinasikiliza, na yeye ameketi chini yake akingoja nizame.
Nimepata mpango. Nimetoa stoo kifaa cha zamani, nikajaza fomu ya usajili. Jina la chombo: Usingizi Mtamu. Urefu: mita kumi na mbili. Rangi: nyeupe. Sina hata beseni, lakini nilipoandika nyeupe niliiona kabisa ikielea. Simu: yangu. Fomu ikadai namba ya pili. Nikaweka ya shangazi, ninayeishi kwake.

Jumatano, 6 Agosti
Nimejifanya mgonjwa. Nikawasha kifaa sebuleni. Kimya. Lo, bati! Setilaiti haioni ndani. Nikakihamishia uani, penye nguo zilizoanikwa. Mashuka yakajaa upepo. Nikajihisi niko mbali sana, maji pande zote. Raha iliyoje!
Nikampigia Antena anishauri nijibu nini yule dada akipiga. Tukaongea dakika ishirini.
Mjinga mimi! Simu yangu ikawa inatumika, kituo kikampigia shangazi. Wakamwuliza kama mtoto wa kaka yake yuko baharini. Akawajibu kwamba anamwona dirishani, kasimama katikati ya mashuka anacheka peke yake. Kisha yule dada akamwuliza kama yeye mwenyewe yuko salama. Wakaongea habari za magoti yake nusu saa. Nusu saa yangu hiyo! Imeniuma kweli.
Waokoaji wawili walikuwa wameshatumwa. Wakabisha hodi wamevaa makoti ya kuelea. Shangazi kawapa chai.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefukuzwa. Antena kapewa kiti changu, na mto wake.
Alasiri simu ikalia. Yeye! Kasema wamefuta Usingizi Mtamu kwenye orodha. Kaniomba nisirudie, maana siku moja mtu atakuwa anazama kweli na wao wako uani kwetu. Nikaona haya, dakika nzima.
Halafu nikawaza. Kuzama kweli! Kumbe ndicho kilichokosekana.
Kesho naazima mashua. Shangazi kauliza kama najua kuogelea. Sijui. Sasa kifaa ni cha nini?